Nilipima tele, nikaandika mfuto: nikilipa nitakuwa nimeikana neema?

Bwana Yesu asifiwe, washauri wa safu hii.

Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba, umri wangu miaka 36, nina mke na watoto watatu. Nilibatizwa mtoto katika Kanisa Anglikana, lakini imani yenyewe nimeishika mwaka jana tu, wakati wa Pasaka. Kabla ya hapo nilikuwa msimamizi katika shamba la karafuu la mzee mmoja wa hapa kwetu. Jioni mimi ndiye niliyekuwa nikiwapimia wachumaji. Makubaliano yalikuwa pishi ya mfuto, yaani chombo cha kupimia kinachofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Mimi nikipima tele, yaani pishi iliyorundikwa kupita ukingo, nikiandika mfuto. Kila pishi tano nilizoandika zilikuwa na ziada ya kutosha pishi ya sita. Ziada hiyo nikiitia kwenye polo (gunia) pembeni, nikianika kwangu, nikiuza. Nimefanya hivyo misimu mitatu. Wachumaji wengi walikuwa kinamama wa Kiislamu, na baadhi yao walijua, wakanyamaza kwa vile mimi ndiye nikiwaita kazini.

Tangu niokoke sina raha. Nilimweleza kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, akaniambia: “Damu ya Yesu imeshafuta. Ukienda kulipa unasema msalaba haukutosha. Wewe huko chini ya sheria, uko chini ya neema.” Dada mmoja wa kwaya, ninayemheshimu sana, kaniambia kinyume chake: mpaka nilipe senti ya mwisho ndipo toba yangu itapokelewa, na nikifa kabla sijamaliza nimepotea.

Na kuna jengine. Msimu huu nimepata kazi ya kupima katika shamba jingine, na siku mbili za mwanzo mkono ulipima tele kama zamani. Siku ya tatu niliacha. Tangu hapo sijashiriki Meza ya Bwana, sasa ni miezi minne. Wenzangu wakisimama kwenda mbele, mimi natoka nje kama mtu anayepokea simu. Je, nimeanguka kutoka katika neema? Nilipe au nisilipe? Na kama ni kulipa, nianzie wapi, ikiwa fedha imeshaliwa na yule mzee ameshafariki?

Mpimaji, Wete

JIBU

Amina, ndugu yetu Mpimaji.

Lipa. Na ujue kabla hujatoa hata shilingi moja kwamba malipo hayo hayatakuongezea msamaha wa Mungu, kwa sababu msamaha huo umeshapewa wote. Kiongozi wako kasema kweli kuhusu damu, kakosea kuhusu deni. Dada wa kwaya kasema kweli kuhusu deni, kakosea kuhusu damu. Wote wawili wamechanganya mpangilio, na katika jambo hili mpangilio ndio kila kitu.

Fungua Luka 19 usome polepole, kwa sababu Zakayo, mtoza ushuru, alikuwa mtu wa kazi kama yako: mtu wa kupokea cha watu na kuandika. Yesu anamwambia, “Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako.” Hilo linatamkwa mtu bado yuko juu ya mkuyu, hajaahidi kitu, hajarudisha kitu. Anashuka, anampokea kwa furaha, na baada ya hapo tu ndipo anasimama na kusema, “nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne.” Yesu hakumwambia, “Acha, mimi kuja kwako kumetosha.” Wala hakumsimamisha mlangoni mpaka amalize hesabu. Neema iliingia nyumbani kwanza, na ilipokwisha kuingia ikaenda moja kwa moja kwenye sanduku la fedha.

Mpangilio huohuo uko katika Kutoka 20. Watu husoma amri kumi kuanzia “usiwe na miungu mingine”, wakaruka sentensi iliyotangulia: “Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa.” Walikuwa wameshatolewa, bahari imeshavukwa, ndipo wakapewa amri. Sisi wa Visiwani tusihitaji kuelezwa sana hili. Kanisa Kuu la Mkunazini, mjini Unguja, limejengwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na wale waliokombolewa wakapelekwa Mbweni walifunguliwa kwanza. Skuli na kazi zikafuata. Mtu hatii ili afunguliwe. Anatii kwa sababu sasa ana mikono yake mwenyewe ya kutii nayo.

Sasa tuje kwenye lile neno alilokupa kiongozi wako. Limetoka Warumi 6:14, na amekupa kipande cha nyuma. Mstari wote unasema: “Kwa maana dhambi haitawatawala ninyi, kwa sababu hamwi chini ya sheria, bali chini ya neema.” Kuwa chini ya neema ndiyo sababu ya dhambi kuvuliwa utawala. Ukiukata mstari katikati, unapata ruhusa ambayo Paulo hakuitoa. Na kama aliyejua kuwa watu wataukata, mstari unaofuata anauliza mwenyewe, tufanye dhambi kwa sababu hatuwi chini ya sheria? Anajibu neno moja: “Hasha!” Mstari wa 13 unakugusa wewe khasa: “wala msiendelee kuvitoa viungo vyenu kuwa silaha za dhuluma.” Dhuluma. Mkono wako juu ya pishi ndio uliokuwa silaha.

Kuna jambo dogo la lugha ambalo tunatamani kila kikundi cha maombi kilijue. Tito 2:11-12 inasema neema ya Mungu imefunuliwa, “nayo yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia, tupate kuishi kwa kiasi, na haki, na utauwa.” Hilo “yatufundisha” kwa Kigiriki ni kitenzi kilekile kilichofasiriwa “humrudi” katika Waebrania 12:6, “yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi.” Ni kurudi kwa maana ya wazee wetu: kumlea mtoto, kumkanya, kumwonesha njia, kutomwachia. Kwa hiyo huko kukosa raha kwako tangu uokoke usikuhesabu kuwa dalili ya kutokuwa na neema. Ni neema inakurudi. Mtu ambaye neema haijamfikia hulala vizuri sana juu ya polo la karafuu za watu.

Na je, umeanguka kutoka katika neema? Maneno hayo yako Wagalatia 5:4, na hutumiwa kumtisha kila aliyeteleza. Soma yanamwambia nani: “Mmetengwa na Kristo, ninyi mtakao kuhesabiwa haki kwa sheria.” Paulo alikuwa akiwaonya watu waliotaka kujipatia haki mbele za Mungu kwa kutahiriwa na kushika sheria. Aliyeteleza siku mbili, akaona, akaacha siku ya tatu, hakuandikiwa huo. Alioandikiwa ni 1 Yohana 2:1: nawaandikia msitende dhambi, na mtu akitenda, “tunaye Mwombezi kwa Baba.” Ila tahadhari moja. Ukilipa kwa nia aliyokupa dada wa kwaya, yaani ulipe ili Mungu akukubali, hapo ndipo utakuwa umeukaribia ule mstari wa Wagalatia. Unaweza kutoa fedha ileile, kwa watu walewale, ukawa uko nje ya neema au ndani yake.

Basi kwa nini ulipe, kama umesamehewa? Kwa sababu ile fedha si yako. Msamaha wa Mungu umekuondolea hukumu. Haujahamisha ujira wa mchumaji ukaufanya mali yako halali. Yakobo 5:4 inasema ujira wa waliovuna, uliozuiwa kwa hila, “unapiga kelele.” Ujira wenyewe ndio unaopiga kelele, na utanyamaza ukifika mkononi mwa mwenyewe. Wakristo wamegawanyika kwa mengi kuhusu neema na matendo, lakini hapa hawagawanyiki: Kifungu cha 12 kati ya vile Vifungu 39 vya imani vya Kianglikana kinasema matendo mema hayawezi kuondoa dhambi zetu, lakini lazima yachipuke kutoka imani iliyo hai; na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412, inadai kilichoibiwa kirudishwe kwa mwenyewe, ikimtaja Zakayo huyohuyo.

Sasa hesabu, na hapa tutakaa kidogo.

Barua yako inawazungumzia zaidi wachumaji, lakini pishi ya sita ilidhulumu watu wawili. Mchumaji alinyimwa ujira wa kuichuma. Mwenye shamba alinyimwa karafuu yenyewe. Usije ukawalipa kinamama ukajiona umemaliza.

Kwa wachumaji, kama lile daftari la zamani bado unalo, ndilo la kutumia. Kama halipo, kadiria, na ukiwa na shaka kadiria kwa kuzidisha, usipunguze. Tuseme mama mmoja uliandika pishi 8 kwa siku, kwa siku 30: ni pishi 240. Ziada yake, moja kwa kila tano, ni pishi 48. Mambo ya Walawi 6:5 inataka mali irudi kamili na kuongezwa sehemu ya tano. Sehemu ya tano ya 48 ni 9.6, kwa hiyo jumla ni 57.6, andika 58. Huo ni ujira wa pishi 58 kwa msimu mmoja, na uhesabu kwa bei ya kuchumia ya msimu huu, kwani fedha ya miaka ile hainunui tena ilichokuwa ikinunua. Mara nne ya Zakayo hatukudai. Ile aliitoa kwa moyo wake, hakuna aliyempangia.

Kwa mwenye shamba, chukua pishi moja ya mfuto ya karafuu mbichi zilizokwisha kuchambuliwa makonyo (vijiti vyake), ipime kwa kilo. Kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu, basi gawa kwa tatu, zidisha kwa idadi ya pishi za ziada za misimu yote, hapo unajua ulimchukulia kilo ngapi. Ongeza sehemu ya tano. Usijikatie ujira wa kuanika. Hakukutuma uanike kwako. Ujira wa kuchuma angeulipa yeye, na sasa unaulipa wewe, hivyo waeleze warithi kwa uwazi na uwaachie wao waseme ukatwe au usikatwe.

Kufa kwa mzee hakufuti deni. Kitabu cha Hesabu 5:7-8 kinapeleka malipo kwa jamaa wa aliyekosewa, na pale tu asipokuwapo jamaa ndipo yanapotolewa kwa Bwana. Mzee ni Mwislamu? Basi haki yake sasa ni ya warithi wote, mjane na mabinti wamo, kila mmoja na fungu lake. Usimchote mtoto mkubwa pembeni ukampa bahasha. Muulize aliyesimamia mirathi, na kama hayupo mmoja anayekubalika, waombe wakae pamoja. Kwa mpangilio huohuo wa kitabu cha Hesabu, usiipeleke fedha hii kanisani kama sadaka. Tumeona watu wengi wakifanya hivyo, kwa nia njema kabisa, na mchumaji akabaki vilevile bila haki yake. Sadaka ni kwa yule ambaye umemtafuta kweli, yeye na jamaa zake, hukuwapata. Fungu lake uwape maskini.

Huna fedha yote kwa pamoja, hilo linaeleweka. Mweleze mke wako kwanza, kabla ya mtu mwengine yeyote, kwa sababu malipo yatatoka kwenye chungu chake. Andika majina yote kwenye karatasi moja. Anza na mkongwe, mjane na mgonjwa. Lipa kidogo kidogo kila ujira unapoingia, na usichukue mkopo wa riba kulipia deni hili, utakuwa umewahamishia watoto wako dhuluma uliyoifanya kwa watoto wa wengine.

Ukienda kwa mama wa watu, nenda na mke wako, piga hodi, subiri ukaribishwe. Usiende jioni ya kupima mbele ya wenziwe. Maneno yawe machache: “Shikamoo, bi mkubwa. Nilipokuwa nikikupimia, misimu mitatu, nilipima tele nikaandika mfuto. Nilikudhulumu. Hii ni sehemu ya haki yako, iliyobaki nitaileta, na nakuomba radhi.” Halafu nyamaza. Kinachoharibu toba nyingi ni maneno yanayofuata hapo. “Kama nilikukosea” ni neno baya kupita yote, maana “kama” inamrudishia yeye mzigo wa kuthibitisha. “Shetani alinipitia” na “hali ilikuwa ngumu” ni ndugu zake. Na usiende na fedha mkono mmoja na mwaliko wa kanisani mkono wa pili. Akidhani unamnunua, umemdhulumu mara ya pili. Waislamu wana jina la jambo hili, haki ya mja, deni ambalo mtu hurudishiwa mtu, na utaona kinamama hao wanakuelewa upesi kuliko kikundi chako cha maombi. Akikwambia “nimekusamehe, kaa nazo”, mbembeleze mara moja apokee. Akikataa tena, shukuru ukubali, usigombane na wema wa mtu.

Kwa warithi, nenda na mzee anayeheshimika pande zote mbili, na kila malipo yaandikwe na kusainiwa. Taja kosa lako wewe tu. Aliyekuwa akinunua kwako atajisemea mwenyewe. Huenda wakakasirika, na huenda mmoja akataka kukupeleka kwenye sheria. Neema haikuahidi kwamba hilo halitatokea. Kama hesabu imekuwa kubwa, zungumza na padri wako na mtu wa sheria kabla hujaenda, lakini mazungumzo hayo yawe ya namna ya kwenda, yasigeuke ya kutafuta njia ya kutokwenda.

Zile siku mbili za msimu huu zisingoje. Daftari bado liko mkononi, mwenye shamba yuko hai. Mwambie, sahihisha hesabu mbele ya wachumaji, ongeza sehemu ya tano.

Na ule mkono. Uliacha siku ya tatu, vizuri, lakini kuahidi pekee hakutoshi kwa kiungo kilichozoezwa misimu mitatu. Wafilipi 2:12-13 inatuambia tuutimize wokovu wetu kwa kuogopa na kutetemeka, na papo hapo inasema Mungu ndiye atendaye kazi ndani yetu, “kutaka kwenu na kutenda kwenu.” Kutaka ameshakupa, barua yako inaonesha. Kutenda kuwekee njia. Kijiti cha kufutia pishi mpe mchumaji mwenyewe, afute yeye. Weka pishi chini, mkono wako usiishike inapojazwa, kwa sababu wewe unajua kuwa ukiitikisa kidogo karafuu hushuka na hata mfuto ukameza zaidi ya haki yake. Isitikiswe, isishindiliwe kwa kiganja. Idadi iandikwe mara mbili, kwako na kwenye karatasi anayokwenda nayo nyumbani. Hayo ndiyo maisha matakatifu kwa mpimaji, saa kumi na moja jioni, watu wamechoka na hakuna anayetazama.

Angalia pia maneno ya Luka 6:38, ambapo Yesu anataja kipimo “cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika.” Ni pishi ya tele, na vitendo ni vilevile vya mkono wako wa zamani. Tele ni wizi ukiwa unapokea. Ukiwa unatoa, ndivyo Mungu alivyokupimia wewe. Kwa hiyo unapolipa, kila hesabu isiyokamilika ikamilishe kwa juu.

Imebaki Meza ya Bwana. “Isivyostahili” ya 1 Wakorintho 11:27 inaelezea namna ya kula. Korintho wenye navyo walikula wakashiba, maskini wakabaki na njaa, na wakaita hiyo karamu ya Bwana. Hakuna mtu anayestahili Meza ile, na Paulo hasemi mtu ajihoji kisha atoke nje; anasema ajihoji, “na hivyo aule mkate.” Lakini kwa kuwa kosa lako ni la aina ya Korintho khasa, la kula cha wasio nacho, usirudi mezani kama ambaye hakuna kilichotokea. Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha mwaka 1662, katika onyo lake kabla ya Ushirika, kinamtaka aliyedhulumu awe tayari kurudisha kwa kadiri ya uwezo wake wote. Tayari, haikusema amekwisha kumaliza. Mathayo 5:24 nayo inakutaka uiache sadaka mbele ya madhabahu, uende ukapatane kwanza, “kisha urudi.” Miezi minne umefanya nusu ya kwanza ya kuondoka, hukwenda ulikotumwa, wala hukurudi.

Wiki hii muone padri, uungame kwake waziwazi kama ulivyotuandikia. Jumamosi asubuhi, mapema kabla watu hawajatoka kwenda shamba, wewe na mke wako mpige hodi kwa yule mkongwe kuliko wote katika orodha yako, na fedha kidogo uliyonayo. Jumapili wenzako wakisimama, simu iache nyumbani, usimame nao.